Tandiko la Jirani

Nyumba yangu hapa Sugar Land, Texas, ni kubwa kuliko ya jirani yangu Mzungu, na nimeinunua kwa jasho la malori yangu, mimi niliyeishia darasa la nne. Lakini jana alinionyesha tandiko la farasi la babu wa babu yake, mmoja wa walowezi wa kwanza kufika huku kwa gari la kukokotwa na ng'ombe. Akawataja wazee wake wote, baba hadi baba, mpaka huyo. Mimi nanusa tu ile ngozi iliyopakwa mafuta, nikimwonea wivu.

Ilinuka kama uani kwetu siku ya kuchinja mbuzi. Ngozi imewambwa juani, mafuta yanadondoka motoni, na sisi watoto tumejipanga mbele ya babu. Hupewi nyama mpaka utaje ukoo wako. Wenzangu walikuwa wakikwama njiani na kuchekwa. Mimi, niliyefika pale mgongoni mwa mama alipoolewa na mwana wa babu huyo, nilikuwa nimeukariri wote. Zamu yangu ilipofika niliutiririsha bila kumeza mate.

Babu akacheka kwa upole. "Umewataja vizuri kuliko wajukuu zangu, baba. Haya, sasa taja wa kwenu."



"Mpe tu, babu," mtoto mmoja akasema. "Huyo hana."

Wenzangu wakala pamoja kwenye sinia. Mimi babu alinikatia paja zima, akaniwekea kwenye sahani ya peke yangu, kama mgeni.