Majibu Yaliyochelewa Karungu

Habari za kifo cha yule daktari mtafiti nilizisikia redioni, katikati ya matangazo ya vifo vya jioni, nikiwa nakoroga chai. Jumamosi nilikwenda Ndhiwa kumzika. Wasomi wenzake walikuja na magari yao, na mmoja akasimama kando ya jeneza akaeleza jinsi makala ya marehemu kuhusu virusi vya ukimwi kwenye fuo zetu za ziwa inavyonukuliwa na wanasayansi wa dunia nzima, hata wale wasiojua Rodi Kopany, hapo jirani tu, iko upande gani. Waombolezaji walipiga makofi. Kisha msemaji akashusha sauti, akasema ni jambo la kusikitisha kwamba baada ya makala hiyo marehemu hakuandika tena. Alilisema kana kwamba anataja ulevi. Nilikereka sana, maana najua kwa nini kalamu ile ilinyamaza.

Tulifahamiana mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nilipofuatana naye hadi Karungu ili niandike gazetini habari za kazi yake. Alikuwa mcheshi. Alinitania kwamba mimi natoa makala kila wiki na hakuna anayeninukuu, hata mke wangu. Nilicheka, kwa kuwa ni kweli. Kabla ya kumtoa mtu damu alimwambia, "Majibu yatakuja." Kwake yeye neno hilo lilikuwa na maana ya matokeo ya utafiti: virusi vimeenea kiasi gani katika eneo zima. Chupa za damu zilikuwa na namba tu, bila jina, na kanuni ya mradi ilikataza kumwambia mtu habari zake. Siilaumu sana kanuni hiyo, kwani siku zile aliyejulikana kuwa na ugonjwa alitengwa, yeye na kikombe chake. Lakini kwa waliokunja mikono ya nguo zao wakachomwa sindano, majibu ni jibu la mtu mwenyewe. Wakakaa wakiyangoja.

Tuliporudi huko miezi kadhaa baadaye, mjane mmoja kijana alitusimamisha tulipokuwa tukiondoka. Mumewe, mvuvi, alikuwa amekonda mpaka akafa, na majirani walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Yeye hakuwa na hakika.

"Daktari, majibu yangu iko wapi?"

"Majibu imeandikwa, mama. Lakini ni ya watu wote, si ya mtu mmoja mmoja."

"Hao wote ni nani? Mimi niko wapi hapo ndani?" Akatazama kando. "Shemeji anataka kunirithi. Ako na bibi, ako na watoto. Kama niko na hiyo kitu, nitakataa. Wakinifukuza, wanifukuze. Niambie tu."

"Ngoja kidogo, mama. Wacha niulize wakubwa."

Aliuliza kweli. Wakubwa wakaitisha kikao, kikao kikazaa kikao kingine, na mvua zikanyesha zikaisha kabla ruhusa haijatoka. Huku nyuma makala ikachapishwa, ikapata sifa, pongezi zikamiminika. Alikuja kunisimulia haya Homa Bay, katika hoteli iliyo karibu na stendi, akisema kwamba kila anaponukuliwa ni kama mtu anapiga hodi, naye akifungua anamkuta mjane yule mlangoni akiuliza yuko wapi hapo ndani. Hakuwa akitafuta maneno mazuri. Aliogopa, na mimi niliogopa kumtazama. Nilimshauri aandike makala nyingine, akili itulie. Akanijibu kwamba nyingine ingeleta hodi nyingine.

Ruhusa ilipopatikana, kama alivyonieleza baadaye, alirudi Karungu peke yake, na sindano mfukoni. Alimkuta mjane nyumbani kwa shemeji, akipepeta mtama kando ya mke mwenza. Alimwita pembeni akamwambia kwamba sasa anaweza kumpima kwa jina lake na kumpa jibu lake mkononi.

"Sasa ya nini, daktari?" Mama yule alimgeukia mke mwenza, aliyekuwa akimnyonyesha mtoto mchanga. "Ama utapima na hao?"

Wasomi na waendelee kuhesabu aliyoyaandika na waliomnukuu. Mimi, msomaji wangu, nimejifunza kumwogopa mtu mwema anayeniambia ningoje kidogo, na kujiogopa mwenyewe ninapomwambia mwingine hivyo.