Siku Niliyotangaza Kwamba Chembe ya Damu Ina Moyo

Jamani, mengine mtu huyafukia, lakini hili langu Kibiti nzima inalijua, kwa hiyo heri niliseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wanaotia chumvi.

Ilikuwa enzi za ruksa, mitumba imejaa kila kona, na mimi ni mtu wa maabara kwenye kituo cha afya, tai ya mtumba shingoni katika joto lile la Rufiji (watu wa bara tuna mambo). Akaja Dokta Salma, binti wa kijiji cha Mtawanya aliyesomea ng'ambo, na mashine ya kuazima ambayo, tofauti na darubini, huchungulii chochote: ina kisindano chembamba ajabu kinachopapasa chembe hai ya damu kama kipofu anavyopapasa uso wa mtu, na kompyuta inachora mstari wa kile kinachoguswa. Alitaka kujua chembe inakuwa ngumu kiasi gani malaria ikishaingia, na alisema atachagua mmoja wetu amfundishe kazi hiyo. Ndugu zangu, niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakipiti.

Kisindano chenyewe kinashtuka hata mtu akipiga chafya, basi nikajitolea kusimamia utulivu. Jenereta nikaihamishia ng'ambo ya uwanja wa mpira, meza ya mashine nikaining'iniza kwa mipira ya ndani ya baiskeli, watoto wa shule nikawaomba wasikimbie. Na kwa kuwa siku ya kuionyesha mashine kwa watu mgeni rasmi alikuwa anatoka wilayani Utete na lazima ale, nikamwambia Bi Mwanahawa na shoga yake wapikie nyuma ya maabara, penye kivuli (hapo ndipo nilipojimaliza).

Saa nne chumba kimejaa, wengine madirishani. Dokta Salma akatoka kumpokea mgeni, akaniambia, "Baba Neema, utazame tu, usiguse kitu."

Nikatazama. Chembe ilikuwa ya damu yangu mwenyewe. Mara mstari ukaanza kupanda na kushuka, mbili mbili, sawasawa kabisa, na mgeni rasmi huyo anaingia, nami, niliyesomea maabara miaka mitatu na ninayejua fika kwamba chembe ya damu haina moyo, nikasimama nikatangaza: "Mheshimiwa, chembe ina mapigo!"

Makofi! Mzee mmoja dirishani akasema, "Subhanallah." Mheshimiwa akanipa mkono, nikazidi kukoleza kwamba dunia nzima itasikia habari za Kibiti, na papo hapo mstari ukanyooka.

"Imekufa?" mheshimiwa akauliza.

Nikamjibu kwa huzuni kwamba imefariki (imefariki, jamani!), na mstari ukaanza tena, mbili mbili.

Dokta Salma hakuutazama hata huo mstari. Aliinamisha kichwa, akauliza, "Nani anatwanga?"

Ndipo nami nikasikia. Wanawake wawili, kinu kimoja, wanapokezana michi. Mlio ule nimeishi nao tangu nilipohamia, mpaka masikio yangu yalikuwa hayaupokei tena. Bi Mwanahawa akachungulia mlangoni, mchi mkononi: "Ni sie, mwanangu. Mashine ya kukoboa mbovu tangu juzi, na mpunga wenyewe ndo umefika kutoka Chumbi. Tulipumzika kidogo tu, kwani tumekosa nini?"

Watu walicheka hadi kushikana mabega. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini haikupasuka, basi nikavua tai, nikasema, "Mheshimiwa, si chembe, ni kinu. Nimekosea mimi." Kisha nikayaandika yote kwenye daftari la vipimo, hata lile la kufariki.

Baada ya wali (ulikuwa mtamu, sisemi uongo) nikaenda kumuaga Dokta Salma, nikijua nafasi imeniponyoka.

"Unaniaga uende wapi?" akasema. "Wenzio wakikosea husingizia umeme. Kesho saa moja uwe hapa."

Nilifurahi hadi machozi yakanitoka. Nilifanya naye kazi msimu mzima, na mpaka leo sokoni naitwa Dokta Kinu, naitika. Ila nimeapa: nikiona maajabu ndani ya nyumba, kabla sijafungua mdomo natoka nje kwanza, niangalie jirani wanafanya nini.