Ugonjwa wa Magoti

Kwa miaka mingi nimekana kwamba niliwahi kuwaombea walowezi. Nikiwa chuo kikuu niliapa hivyo huku nimebeba bango. Lakini juzi, katika kanisa moja la Milimani, niliona mbao za kupigia magoti zikivishwa sponji mpya, na hasira ikanipanda.

Niliwaombea. Nikiwa mtoto, enzi za ukoloni, kila Jumapili alasiri tulishuka kutoka kijijini Dundori hadi kanisani kuhudhuria Baraka ya Sakramenti. Sisi tulipiga magoti nyuma, juu ya saruji baridi, katikati ya harufu ya ubani na ya makoti yaliyolowa mvua. Wazungu walikuwa mbele, kila mmoja na mto wake mwekundu chini ya magoti.

"Mama, mbona wao wana mito?"

"Wana ugonjwa wa magoti. Waombee."

Basi nikawahurumia, nikawaombea kila wiki, huku magoti yangu mwenyewe yakichubuka. Nilipokuja kuelewa, nilimkasirikia mama kuliko nilivyowakasirikia wao. Nilimwona kama mtu aliyewafundisha wanawe unyonge, na alifariki kabla sijamuuliza.

Jana nilimpigia simu dada yangu mkubwa, nikaimwaga hasira yote. Aliniacha nimalize.

"Wewe na digrii zako," akasema. "Kabla hujaanza kuletwa kanisani, mimi nilipiga magoti kwenye mto mmoja. Katekista akanivuta sikio mpaka nje, kanisa zima likitazama. Wewe viboko hukuviogopa, uliogopa ugonjwa tu. Mama alijua ukisikia ni mito ya wagonjwa hungeigusa."