Turbo ya Marehemu

Mimi ni fundi magari hapa Korogwe, na kwa aibu hii siwezi kumsingizia shetani. Niliifanya mwenyewe, kwa akili zangu timamu.

Nilikuwa na Pijo 205 GTI. Mzee mmoja wa Handeni, mwalimu mstaafu, alikuwa na Reno 5 GT Turbo. Gari ndogo za Kifaransa, zote mbili ziliachwa na wageni wa mashamba ya mkonge. Miaka mingi tulibishana. Nikimwambia, "Yangu kwenye kona inang'ang'ania lami kama kupe," ananijibu, "Kona za nini? Kwani tunapanda milima ya Lushoto?" Na kweli, kwenye njia iliyonyooka, turbo yake, kile chuma cha kuisukumia injini hewa, ikishaamka, mimi nabaki kutazama taa zake za nyuma. Iliniuma sana.

Mwaka jana mzee akafariki. Mjane wake akataka kuiuza Reno ili arudi kwao Magoma akajenge. Akapatikana tajiri wa Arusha anayekusanya magari ya zamani, akasikia na mimi nauza Pijo yangu, akasema atazijaribu zote mbili, ila atachukua moja. Mama huyo akaniletea Reno niisafishe kabureta. Jamani! Nikaifungua turbo, nzima kabisa, nikaitia kwenye kiroba, nikaunga bomba mahali pake. Gari ikawa inajikokota tu.

Siku ilipofika, tajiri aliendesha Pijo, akashuka anacheka. Akaendesha Reno, akanuna, akafungua boneti.

"Pijo ni tamu kuendesha, lakini hii ndiyo adimu, hii ndiyo niliyoifuata," akasema. "Sasa turbo iko wapi? Bila turbo yake ya asili, hii ni gari ya kwendea sokoni tu."

Mama akanigeukia mimi. Nami, kwa mdomo wangu huu huu, nikasema, "Marehemu aliitoa siku nyingi, akaiuza."

"Hakuniambia," mama akasema polepole. "Alikuwa ananiambia kila kitu."

Pijo ikaenda Arusha. Sikuwa na raha hata siku moja. Wiki ya tatu nikabeba kiroba, nikapanda basi la Handeni, njia nzima napanga maneno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Jana nilikwenda kaburini kwa mzee. Nimemwambia nimemsamehe ile turbo."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikafungua kiroba pale pale miguuni pake.

"Mama, mzee hana kosa. Niliitoa mimi, ili gari yangu ndiyo ichukuliwe."

Alikitazama kile chuma, hakukigusa. Heri angenitukana. Akainuka, akajitanda khanga, akasimama mlangoni.

"Mimi usiniombe radhi," akasema. "Beba hiyo turbo, twende ukamwambie mwenyewe."