Seli za Shina

Gogo la msonobari lilimvunja baba uti wa mgongo huko Matembwe, akawa mtu wa kiti cha magurudumu, haendi mbali na kitanda. Mchana mmoja redio niliyomnunulia Makambako ikatangaza kwamba wataalamu wanajaribu seli za shina kutibu uti wa mgongo. Baba akapiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

“Umesikia? Shina! Kamwite balozi!”

Alimaanisha balozi wa shina, kiongozi wa nyumba kumi. Mimi, mwalimu wa sayansi, nikawaka: shina hilo ni chembe changa za mwili, baba, na bado wanajaribu kwa panya! Hakusikia. Nikaenda.

Balozi, ambaye tangu vyama vingi vije hakuna aliyemwita kwa lolote, alikuja mbio na muhuri mfukoni. Alisikiliza, akatazama ngazi za mlango wetu, akaondoka.

Kesho yake nyumba kumi zote zilifika na majembe na mbao, zikageuza ngazi kuwa mteremko. Kufikia saa kumi baba alikuwa barabarani, akijisukuma mwenyewe, akimwamkia kila mpita njia, “Kamwene!”

Akanigeukia.

“Mwalimu, panya wako wamefika wapi?”