Sindano Tano za Kufumia

Binti yangu alinitumia boksi la kujifunzia kufuma mwaka uliofuata kifo cha baba yake. Alikuwa amechoka kunisikia kwenye simu nikilalamika kwamba nyumba yetu ya mtaa wa Mpumudde imenyamaza. Ndani mlikuwa na sindano tatu zenye ncha iliyopinda, madonge manne ya uzi wa sufu na kijitabu cha picha. Juu ya boksi waliandika kwamba hata mtoto wa miaka minane ataweza. Mtoto huyo ningependa kumwona.

Mimi nilikuwa askari magereza miaka yangu yote ya kazi. Mikono yangu inajua funguo. Wiki mbili nilihangaika na ukurasa wa kwanza. Kila mshono ulikaza mpaka sindano haipiti tena, nami nikaufumua kwa hasira, hata uzi ukaanza kuota manyoya. Aibu yenyewe ni kwamba nimekaa na wafumaji hodari maisha yangu yote. Wafungwa wanawake walifuma vitambaa vya makochi mbele ya macho yangu, mwaka baada ya mwaka, na mimi nilikuwa natazama mlango.

Nikamkumbuka mmoja wao. Alitumikia kifungo chake nilipokuwa kazini upande wa Mbale, na alipotoka nilisikia anauza vitambaa sokoni Nakaloke. Jumamosi moja nikapanda teksi, boksi langu mapajani. Nisijidanganye, sikufuata ufumaji peke yake. Nilitaka mtu wa kukaa naye na kuzungumza mambo ya kawaida. Marafiki sina. Kazi ilituhamisha kila tulipoanza kuzoeleka, na majirani wa Mpumudde wakiniona napita hupunguza sauti.

Alinitambua kabla sijafika kwenye meza yake. Akasimama wima.

"Karibu, afande."

"Nimestaafu," nikamwambia. "Kaa tu."

"Ndiyo, afande." Akakaa, kwa sababu nimemwamuru.

Alinifundisha Jumamosi nne, kati ya mteja mmoja na mwingine. Ya kwanza tuliongea uzi tu. Ya pili akapata ujasiri kidogo.

"Afande, uzi wewe nakaza sana," alisema. "Wacha mukono iregee. Hii uzi haiwezi kutoroka."

Tulicheka wote wawili, kisha akaziba mdomo. Jumamosi ya tatu alinisimulia mkwewe asiyejua kupika, nami nikamsimulia jinsi mume wangu alivyokuwa akikoroma mpaka mabati yanatetemeka. Ya nne nikamaliza kitambaa changu cha kwanza. Kilikuwa kimepinda kama chapati ya mtu anayejifunza. Alikishika, akakigeuza huku na huku.

"Mama, ona," akasema. "Sasa umeweza."

Nilijifanya sikusikia, nisije nikamtisha akarudi kwenye afande. Lakini nilifurahi. Tangu tumzike mume wangu sikuwa nimefurahi vile.

Teksi za Mbale zilikuwa zinapiga honi barabarani kuita abiria. "Haya, tumemaliza," nikasema, na mkono wangu ukajinyoosha wenyewe, kiganja juu.

Sikufikiri. Ndivyo tulivyofunga karakana ya gereza kila jioni: hakuna mwanamke aliyerudi selo kabla sindano zote tulizowagawia asubuhi hazijarudi mkononi mwa askari, maana ikipungua moja wote walivuliwa nguo na kupekuliwa. Yeye pia hakufikiri. Alikuwa ananieleza jambo kuhusu mkwewe. Akalikatiza, akachuchumaa mbele yangu katikati ya nyanya na vitunguu vya watu, akaniwekea sindano kiganjani moja moja. Tatu zangu na mbili zake.

"Ziko tano, afande."

Ningeweza kucheka. Ningeweza kumwinua. Nilitazama kiganja changu, nikahesabu, nikasema, "Sawa." Kisha nikazitia zote kwenye boksi, nikaenda zangu haraka kwa aibu, bila hata kuangalia nimebeba nini.

Zake niliziona nilipofika nyumbani. Simu hana, kwa hiyo nilingoja Jumamosi, na wiki nzima nikapanga maneno ya kumwomba radhi. Nilimkuta amekaa nyuma ya meza yake, mikono mitupu. Mapajani alikuwa na kitambaa alichokuwa amekifikisha nusu Jumamosi iliyopita, hakikuongezeka hata mshono mmoja. Sindano kama zile zinauzwa kila duka la uzi mjini Mbale, naye huenda huko kununua uzi. Nikamuuliza kwa nini hakununua nyingine.

"Mimi nilikuwa nangoja afande agawe," akasema. Akachuchumaa, akanyoosha mikono yote miwili.

Nikamgawia. Maneno niliyoyapanga wiki nzima nilirudi nayo nyumbani.