Siku Niliyomwona Wakili Kabla ya Kufunga Mizigo

Mume wangu aliniambia tunaachana tukiwa tunakula. Alinawa mikono, akamega ugali, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba ndugu zangu waje mwisho wa mwezi kunichukua. Wazee wa kwao, huko Sop Sop, walikuwa tayari kurudishiwa ng'ombe wa mahari. Yule mwanamke mwingine, ambaye nilikuwa nikimsikia kwa majirani tu, angeingia baada yangu.

Sikulia. Ajabu ni kwamba niliona kama mtu amenifungulia dirisha. Tulikuwa tumeishi Dabani, upande wa Uganda, miaka mingi bila kuelewana, yeye karani wa kiwanda cha pamba, mimi mshonaji, na mabinti wetu wawili wakipita katikati yetu kubeba maneno: "Baba anasema," "Mama anauliza." Kabla sijamaliza kuosha sahani nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Ningechukua watoto na cherehani yangu, nivuke mpaka hadi kwa mama, upande wa Kenya. Sisi Wasamia tuko pande zote mbili, na miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya, tulivuka kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani.

Kesho yake nilikimbilia soko la Busia kumweleza rafiki yangu aliyeuza samaki wakavu. Nilidhani atanishangilia. Yeye alikuwa mzaliwa wa Mella, na Kiswahili chake kilikuwa kile kifupi cha mpakani.

"Wewe nakwenda wapi na watoto?"

"Kwa mama."

"Umeona wakili?"

Nikacheka. Wakili nilijua ni wa watu walioua, au walioiba ng'ombe.

"Usicheke. Mimi nilitoka kwa mume na hasira. Nimeacha watoto, nimeacha shamba. Nimekwenda kwa wakili mwaka ingine, yeye nasema, mama, ungekuja mapema. Sasa wale watu nasema mimi ndiyo nilikimbia nyumba. Nitabisha nini? Kweli nilikimbia." Akanishika mkono kwa kiganja kilichonuka samaki. "Kwanza wakili. Mama yako atangoja."

Nilimwambia mume wangu waziwazi kwamba ninakwenda kwa wakili. Alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo kidogo kilichoning'inia mlangoni, akasimamisha wembe.

"Wakili wa nini? Haya ni mambo ya wazee."

"Ni ya wazee, na ni yangu," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Nilivaa gomesi, gauni refu la heshima niliyoiweka kwa ajili ya harusi, nikafunga mshipi wake mpana hadi nikakosa pumzi. Rafiki yangu alimwachia dada yake samaki, akaja nami. Katika basi la Tororo tulichekacheka kama wasichana waliotoroka shule. Kila kitu kilinipendeza: vumbi, mashamba ya pamba, mzee aliyebeba kuku wawili kwapani. Jabali la Tororo lilipojitokeza mbele yetu nilimwuliza rafiki yangu kama wakili husalimiwa kwa kupiga magoti.

"Salimia kama mtu," akaniambia.

Wakili alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa mji huohuo, mwenye ofisi juu ya duka la vitambaa. Alituagizia chai. Nilipoanza kueleza makosa ya mume wangu, aliinua mkono kwa upole.

"Hayo nitasikia, mama. Kwanza niambie, mlioana wapi?"

"Kanisani."

"Basi ng'ombe wakirudi, au wasiporudi, ndoa yenu bado ipo mpaka mahakama iseme. Hakuna wa kukufukuza mwisho wa mwezi kama mpangaji. Watoto wako wapi?"

"Nyumbani. Nataka kuvuka nao kwenda Kenya."

Aliweka kikombe chini. "Hujavuka?"

"Bado."

"Vizuri sana! Ukivuka nao kimya kimya, atasema umewatorosha, na ng'ambo kuna serikali nyingine na mahakama nyingine. Na hiyo cherehani, ni ya nani?"

"Yangu. Nilikuja nayo nilipoolewa."

"Nani anajua?"

"Senge yangu, dada ya baba. Na mama mkwe."

"Waombe wakumbuke sasa, kabla hamjagombana. Halafu mwite mume wako aje hapa. Mimi ni wakili wako, si wake, kwa hiyo akitaka atafute wa kwake. Lakini tunaweza kuongea."

Nilishuka ngazi zile nikihisi miguu haigusi kitu. Hakuna aliyekuwa ameniahidi ushindi. Ila mambo yaliyokuwa giza kichwani mwangu sasa yalikuwa na majina, na niliweza kuyataja moja baada ya jingine. Tulinunua mandazi, tukala tumesimama barabarani, tukicheka hadi watu wakageuka.

Mume wangu alikuja Tororo wiki iliyofuata, amefunga tai. Baadaye aliniambia alidhani atakamatwa. Wakili alipomweleza kwamba hawezi kumwoa yule mwanamke kanisani wala kwa serikali wakati ndoa yetu ingalipo, alinigeukia.

"Kwa hiyo wewe unataka nini?" Nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza swali hilo.

"Nataka kutoka katika ndoa hii, kama wewe," nikasema. "Lakini nitoke mchana, watu wakiona. Wasichana wakae nami Busia wasome. Likizo waje kwako."

Alilegeza tai yake. Kisha akauliza, karibu kwa aibu, "Likizo zote?"

"Zote, ukitaka."

Wakili akaanza kuandika. Mahakama ilichukua muda wake, padri alihuzunika akatuombea, na wajomba zangu walinuna kwa sababu hawakuitwa kwanza. Mama mkwe alisema mbele ya wote kwamba cherehani niliingia nayo, na hapo hapakuwa na la kubishania. Ng'ombe waliachwa wabaki kwetu kwa heshima ya wajukuu. Nilipanga chumba karibu na soko, na siku niliyohamia nilipita katikati ya mji mizigo ikiwa kichwani, nikisalimia kila mtu kwa sauti kubwa.

Likizo ya kwanza wasichana walikwenda kwa baba yao, Sop Sop. Nilijifanya sina wasiwasi, nikashona nguo ileile mara mbili. Walirudi wamenenepa, mifuko imejaa karanga, wakiongea kwa pamoja. Yule mkubwa akatangaza kwamba mke mpya wa baba anapika mchuzi mtamu kuliko wangu.

"Anatia nini?" nikauliza.

"Simsim," akasema, yaani ufuta. "Nyingi!"

Jioni ile nilikwenda kununua simsim.